UZI: Little Steeping, parokia ya Lincolnshire iliyomtoa Askofu Steere, na majina ya vijiji vinavyoizunguka

Mwana_Mkokotoni

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu nimekuwa nao kichwani miezi mingi, leo nina siku ya mapumziko, naushusha.

Nilipokuwa skuli Unguja tulipelekwa kutembelea kanisa la Mkunazini. Mtembeza wageni alituonyesha nyuma ya madhabahu, akasema hapa kazikwa Askofu Edward Steere, aliyefariki mwaka 1882. Mimi ni Muislamu, lakini jina lile nililishika, kwa sababu mwalimu wetu wa Kiswahili aliongeza kuwa huyo ndiye aliyeandika kitabu cha sarufi ya Kiunguja kilichochapwa London mwaka 1870. Miaka ikapita. Riziki ikanileta Boston, mkoa wa Lincolnshire, mashariki ya Uingereza, kufungasha mboga. Jioni moja nasoma habari zake kwenye simu, nakuta kwamba kabla ya kuja Unguja alikuwa padri wa parokia ya kijijini iitwayo Little Steeping. Nafungua ramani: si hata kilomita 30 kutoka ninapolala. Nikakaa kitandani nikiitazama ile ramani hadi chai ikapoa.

Jumapili iliyofuata mfanyakazi mwenzangu alinipeleka kwa gari lake. Kijiji chenyewe ni kidogo kwelikweli. Nyumba chache za matofali, mashamba tambarare upande wa kusini, vilima upande wa kaskazini, na kanisa la Mtakatifu Andrea ambalo sehemu yake kubwa ni ya karne ya 14. Mzee mmoja alikuja na ufunguo akatufungulia. Kitu cha kwanza nilichokifanya niliugusa ukuta. Makanisa ya huku yamejengwa kwa jiwe la mchanga lenye rangi ya kijani, lilichimbwa vilima vya karibu na mji mdogo wa Spilsby, na ni laini mno. Nilipotoa mkono, vidole vilikuwa na chembechembe za kijani kama nimeshika unga wa mlonge. Mzee akaniambia kwa upole nisisugue, ukuta unaondoka kidogo kidogo kila mwaka kwa mvua na baridi.

Sasa nilichokwenda kukitafuta ni Steere, ila kilichonikamata ni majina ya vijiji. Njia nzima nilikuwa nasoma vibao: Firsby, Irby, Spilsby, Hundleby, Ashby, Gunby. Kila kona "by". Nikamuuliza mzee, na nikirudi nyumbani nikaendelea kusoma. Nawapa niliyoyapata.

Kwanza neno parokia, ili tusipotezane. Uingereza lina sura mbili. Kuna parokia ya kanisa, yaani eneo ambalo padri mmoja aliwajibika kwa roho zake na kulishwa na zaka zake. Na kuna parokia ya kiserikali, yenye baraza lake la kijiji tangu sheria ya mwaka 1894, inayoshughulikia mambo kama taa, njia za miguu na makaburi. Mipaka ya hizi mbili mara nyingi imeanzia kwenye mstari uleule wa kale. Zamani, siku za kabla ya sikukuu ya Kupaa, watu walitembea kuuzunguka mpaka mzima pamoja na watoto, wakipiga mawe na miti ya mpakani kwa fimbo, ili mtoto akikua aweze kutoa ushahidi mpaka unapita wapi. Ramani yao ilikuwa vichwa vya watoto.

Steeping yenyewe imo kwenye daftari la Mfalme William la mwaka 1086, lile linaloitwa Domesday, na humo imeandikwa Stepinge. Wataalamu wengi wanalisoma kuwa ni jina la mtu, Steapa, likifuatwa na kiambishi cha Kiingereza cha kale chenye maana ya watu wake. Kwa Kiswahili safi: *kina Steapa*. Wapo wanaosema ni neno la "mteremko", kwa kuwa ardhi inainuka kuelekea vilimani. Mimi nimesimama pale na naegemea hao kina Steapa, kwa sababu upande wa Little Steeping mteremko ni mdogo mno kumfanya mtu aite mahali kwa ajili yake.

Little na Great vilikuja baadaye kutofautisha vijiji viwili vyenye jina moja, kimoja kila upande wa mto. Makarani wa kanisa waliandika kwa Kilatini, Parva na Magna. Mto wenyewe unaitwa Steeping hapo, ila ukiufuata juu vilimani unaitwa Lymn. Maji ni yaleyale.

Kwa hiyo Steeping ni jina la Waingereza wa kale. Limezungukwa na bahari ya majina ya Wadenmaki, na hapo ndipo utamu ulipo. Ngoja nipumue, nitarudi.

Mpambe_wa_Mbozi

Dada, nimeshakaa mkao wa kula. Endelea. Hao Wadenmaki walifikaje huko?

Mwana_Mkokotoni

Asante mkuu. Mwaka 865 jeshi kubwa lilitoka ng'ambo ya bahari likatua mashariki ya Uingereza. Halikuja kupora na kuondoka kama yale yaliyotangulia, lilikaa. Mwaka 877 wakaigawana sehemu ya ufalme wa Mercia, na Lincolnshire ikaangukia kwao. Askari wakageuka wakulima. Neno lao la shamba au kijiji lilikuwa *by*. Kwa hiyo Spilsby ni kwa Spillir, Gunby ni kwa Gunni, Hundleby ni kwa Hundulf. Sisi tunasema "shuka kwa Mzee fulani" na kituo cha daladala kinabaki na jina hilo hata mzee akishafariki. Hao wazee wa Lincolnshire wamefariki zaidi ya miaka elfu moja, na vibao vya barabarani bado vinawataja.

Kuna majina mawili jirani na Steeping ambayo nayapenda kuliko yote. Firsby, maana yake kijiji cha Wafrisia, watu wa pwani ya Uholanzi na Ujerumani ya leo. Na Irby, kijiji cha watu wa Ireland, au Wanorsi (watu wa Skandinavia ya kale, ndugu wa Wadenmaki kwa lugha) waliokuwa wamekaa Ireland kwanza kisha wakahamia huku. Fikirini: ili jirani zako wakuite "kijiji cha Wafrisia", lazima wewe uwe Mfrisia na wao wasiwe. Jina limetoka mdomoni mwa jirani. Ndani ya kilomita chache kulikuwa na lugha tatu au nne zinasikilizana kwenye ng'ombe na kwenye mipaka ya shamba.

Hata utawala ulizungumza Kinorsi. Parokia hizi zilikuwa chini ya wilaya ndogo iliyoitwa wapentake ya Candleshoe. Wapentake ni neno la Wadenmaki, "kushika silaha", linalohusishwa na watu kupunga silaha zao barazani kuonyesha wamekubali. Na *by-law*, neno la Kiingereza la sheria ndogo za mji, zile ambazo halmashauri zetu nazo zinatunga, linaaminika kubeba ndani yake hiyohiyo *by*: sheria ya kijiji.

Mpambe_wa_Mbozi

Sawa, lakini wenyeji walikwenda wapi? Walifukuzwa? Maana ukisema majina yote ni ya wageni, mimi nasikia harufu ya watu kunyang'anywa ardhi.

Mwana_Mkokotoni

Hilo ndilo wanazuoni wao wamelibishania miaka mingi. Chama cha kuchunguza majina ya mahali Uingereza kilianzishwa mwaka 1923, na kwa Lincolnshire kazi kubwa ilifanywa na Kenneth Cameron wa Chuo Kikuu cha Nottingham. Yeye alifanya jambo ambalo ningependa kila mtu wa historia alifanye: alichukua ramani ya majina akaiweka juu ya ramani ya udongo. Akaona vijiji vyenye majina ya Kiingereza mara nyingi vimekaa mahali pazuri, penye maji na udongo mpana wa kulimika, na vile vya "by" mara nyingi viko pembeni, kwenye mabaka madogo ya udongo mzuri au kwenye vijito vya ndani. Akahitimisha kuwa nyuma ya jeshi walikuja wahamiaji wa kawaida, wakachukua ardhi ambayo wenyeji walikuwa hawajaijaza.

Wengine hawakukubali. Wanasema mashamba makubwa ya zamani yalivunjwa vipande na kila kipande kikapewa jina la mmiliki mpya, bila watu wengi kuhama. Mimi si mtaalamu, ila kwa nilichokiona Steeping, maelezo ya Cameron yanakaa vizuri: jina la Kiingereza lipo mtoni, na majina ya Kidenmaki yametawanyika kuzunguka. Kina Steapa hawakuondoka. Kama wangeondoka, nani angebaki na kumbukumbu ya jina lao?

Na angalieni jambo jingine: *gate*. Kuna kijiji jirani kinaitwa Halton Holegate. Mimi nilitafuta geti. Mzee akanicheka kwa upendo, akasema huku kwetu gate si lango, ni barabara, kutoka *gata* ya Kinorsi. Holegate ni barabara iliyozama, iliyochimbika katika lile jiwe la kijani kwa miguu ya watu na magurudumu. Nikapita hapo, kweli kuta zimepanda pande zote mbili.

Kalamu_ya_Siyu

Dada yangu, uzi mzuri, lakini kabla hatujaenda mbali niweke sawa jambo moja, lisije likaachwa likatambaa. Watu wakisikia "Steere aliandika sarufi" wanafikiri Kiswahili kilianza kuandikwa na wazungu. Tulikuwa tunaandika kwa herufi za Kiarabu karne nyingi. Utenzi wa Tambuka umeandikwa mwaka 1728, Pate huko. Na hata kwa wazungu Steere hakuwa wa kwanza: Krapf alichapisha sarufi yake mwaka 1850, ikifuata lahaja ya Mombasa.

Mwana_Mkokotoni

Shukrani sana, na umesema kweli tupu. Nilitakiwa kuliweka juu kabisa. Steere alikuja akakuta lugha yenye washairi na makadhi, akaandika alichofundishwa na watu wa Unguja waliokaa naye na kumsimulia hadithi. Hizo hadithi nazo alizichapisha mwaka 1870. Uzito wake uko kwenye lahaja aliyoichagua: Kiunguja ndicho kilichokuja kufanywa msingi wa Kiswahili sanifu miaka ya 1930.

Nieleze basi alivyofika. Alizaliwa London mwaka 1828, akasomea sheria kwanza. Mwaka 1858 alikuwa padri msaidizi Skegness, kijiji cha wavuvi wakati huo. Jina hilo nalo ni la Wadenmaki. *Ness* ni rasi, kama Ras Nungwi, na Skeggi ni jina la mtu au neno la ndevu. Kisha akapewa Little Steeping. Rafiki yake William Tozer alikuwa padri wa Burgh le Marsh, kilomita chache mashariki. Tozer alipoteuliwa mwaka 1863 kuwa askofu wa misheni ya vyuo vikuu (UMCA, misheni ya Kianglikana ya vyuo vya Uingereza kwa Afrika ya Kati), alimwomba Steere amsindikize. Walianzia upande wa mto Zambezi, mambo hayakwenda, na mwaka 1864 wakahamia Unguja. Kwa hiyo chanzo chote hiki ni maparokia mawili ya Lincolnshire yaliyokuwa yakionana karibu.

Watu wa Lincolnshire walimkumbuka kama padri anayekunja mikono ya shati akafanya kazi. Mwaka 1868 alirudi Uingereza na akaihudumia tena parokia yake, kabla ya kuondoka moja kwa moja mwaka 1872. Kila nikifika hapo kwenye hesabu ya miaka nasimama. Kitabu kilitoka mwaka 1870, katikati ya miaka hiyo. Huyu mtu alikuwa anazika na kuozesha watu wa Little Steeping huku kichwa kimejaa ngeli zetu.

Fundi_Mitaro

Mimi ni mtu wa skimu za umwagiliaji, Mbarali. Umesema kusini ni tambarare. Kabla ya kulimwa palikuwaje? Na kuna majina ya huko nimeyaona kwenye ramani yanaishia "ville", hayo si Kifaransa?

Mwana_Mkokotoni

Umegonga penyewe mkuu. Kusini ya Little Steeping kulikuwa na kinamasi kikubwa, East Fen. Maji, matete, samaki, bata bukini, na tunda dogo jekundu la kinamasi ambalo watu walilichuma kwa wingi. Watu wa vijiji vya ukingoni walikuwa na haki ya pamoja humo: kuchunga, kuvua, kukata matete. Homa ya malaria nayo ilikuwepo, msishangae. Ilikuwa ugonjwa wa kawaida wa vinamasi vya Uingereza, na watu walikunywa kasumba kuituliza.

Mwaka 1801 Bunge likapitisha sheria ya kukausha. Mhandisi alikuwa John Rennie, na Joseph Banks, yule mwanasayansi aliyesafiri na Kapteni Cook, alikuwa na ardhi yake jirani huko Revesby na alilisukuma sana jambo hili. Rennie aligawa maji mawili. Maji ya vilimani yakakingwa na mfereji unaozunguka ukingo ili yasishuke kinamasini kabisa, na maji ya kinamasi chenyewe yakapewa njia yake, mfereji wa Hobhole, hadi baharini. Wewe mtu wa mitaro utaona akili iliyopo hapo: usipigane na maji mawili kwenye mfereji mmoja.

Kinamasi kikakauka, ardhi ikagawanywa na kuuzwa, na ile haki ya pamoja ikaisha. Mtu mwenye ardhi alipewa kipande. Aliyekuwa akiishi kwa kuvua na kukata matete bila hati yoyote alibaki akitazama. Hili linaniuma, na halikuacha jina.

Kilichoacha majina ni Bunge. Mwaka 1812 maeneo saba mapya yaliundwa kwa sheria, na ardhi ikiwa mpya, haina babu wa kuitwa kwa jina lake, ikabidi majina yabuniwe: Eastville, Midville, Westville, Frithville, Langriville, Carrington, Thornton le Fen. Ndiyo, "ville" ni Kifaransa, ila hakuna Mfaransa aliyekaa pale. Carrington ni cheo cha mwenye ardhi. Linganisha Irby na Midville: moja limetoka kwa jirani aliyeona watu, jingine limetoka mezani kwa mtu mwenye rula. Midville, "mji wa katikati", hakuna mji.

Maji hata hivyo hayajasahau. Juni 2019 mvua ilinyesha mfululizo, ukingo wa mto Steeping ukabomoka karibu na Wainfleet, helikopta za jeshi zikawa zinadondosha mifuko mikubwa ya mawe na mchanga kuziba. Mamia ya watu walihamishwa majumbani.

Jasiri_wa_Kigoma

Kwa heshima zote dada, haya yanatusaidia nini sisi? Historia yetu wenyewe hatuijui, tunajadili vijiji vya Waingereza.

Mwana_Mkokotoni

Swali lako ni halali, kaka. Nakujibu kwa nilivyohisi.

Watu wa Little Steeping walio wengi hawakuandika chochote maisha yao yote. Walilima wakafa. Lakini waliita mahali, na kile walichokiita kimeweza kusomwa. Mashamba yao tu: *holme* ni kisiwa kikavu katikati ya unyevu, *carr* ni kichaka cha majimaji, *ings* ni majani ya mtoni ya kukata kwa ajili ya ng'ombe. Miaka ya baada ya 1836, zaka ilipogeuzwa kuwa malipo ya fedha, parokia nyingi za Uingereza zilichorewa ramani yenye namba ya kila shamba, jina lake, mwenye nalo na anayelilima. Karani aliuliza mkulima: hili mnaliitaje? Akaandika. Leo mtu anasoma jina la shamba lililokauka miaka mia mbili na anajua hapo palikuwa na maji.

Bibi yangu Mkokotoni alikuwa na jina kwa kila kipande cha konde, kila mwamba pale ufukweni wanapokusanya chaza. Nayakumbuka kama sita. Yeye hayupo tena kuulizwa. Sina jibu jingine zaidi ya hilo.

Jasiri_wa_Kigoma

Nimekuelewa dada. Mungu amrehemu bibi. Kesho nampigia baba simu.

Kalamu_ya_Siyu

Swali la mwisho kutoka kwangu. Hao watu wa kijijini wanajua kwamba padri wao kazikwa Unguja? Au ni sisi tu tunaomkumbuka?

Mwana_Mkokotoni

Wanajua. Kanisa lao lilifanyiwa ukarabati mkubwa mwaka 1912 na walilifanya kwa kumbukumbu yake, miaka 30 baada ya kufa. Yule mzee alilijua jina la Unguja, lakini hakuwahi kukutana na mtu wa huko. Nilimweleza kuwa kanisa la Mkunazini limejengwa pale palipokuwa na soko la watumwa, soko likafungwa mwaka 1873, na siku ya Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi. Alinyamaza kidogo.

Kisha akaniuliza Mkunazini maana yake nini. Nikamwambia ni mahali penye mkunazi, mti wenye miba na matunda madogo ambayo watoto wanayaokota. Uso wake ukafunguka. Akanyoosha mkono kuelekea kaskazini, akasema: kama Ashby yetu hapo, kijiji cha miti ya *ash*. Akatoa kijitabu mfuko wa koti, akaniomba nimtamkie polepole, na akaandika herufi moja moja, akinirudishia kitabu nimsahihishe: M-k-u-n-a-z-i, halafu, kwa mstari mdogo katikati, *ni*.